Darasa la Karama

Herufi yenyewe ilikuwa i. Kwenye cheti cha kuzaliwa, baba wa dada yangu ni Hamisi. Kwenye kadi yake ya mpiga kura ni Hamis, kwa sababu karani aliyemwandikisha alisikia hivyo na hakuuliza. (Dada huyu ni mtoto wa shangazi, lakini kwetu Tanga huyo ni dada na mjadala umekwisha.) Alichukua fomu ya kugombea ujumbe wa serikali ya mtaa, akaijaza usiku kwenye meza ya kulia chakula, ametandika gazeti chini isije ikashika mafuta, na kila akimaliza mstari anainua kalamu na kupuliza wino ukauke. Penye jina la baba akaandika Hamisi, kama baba mwenyewe alivyomfundisha. Fomu ikakataliwa. Hakuambiwa kuwa hafai, wala kuwa watu hawamtaki. Aliambiwa taarifa hazilingani, na kwamba muda wa marekebisho ulikwisha saa kumi jioni. Alipopewa habari hiyo ilikuwa saa kumi na robo.

Aliikunja ile karatasi mara nne, akaitia kwenye mfuko wa nailoni vinamokaa vyeti vya watoto wake. Siku ya kupiga kura hakutoka nyumbani.

Tangu hapo, mtu akiniambia anaogopa uchaguzi utaibwa, nataka kujua anaogopa wizi upi. Wengi huwaza usiku wa kuhesabu: taa zimezimika, sanduku limebadilishwa, fomu ya matokeo imeandikwa upya. Huo ni wizi, na una historia yake ndefu. Lakini kuna wizi mwingine unaofanyika mchana, miezi au wiki kabla ya kura, mbele ya watu, kwa muhuri na kwa lugha ya adabu. Unafanyika mezani, na aliyeibiwa hurudi nyumbani akijilaumu kwamba alikosea. Hapo ndipo unapouma kuliko ule mwingine.

Meza hii imeandikwa na watu wengi duniani. Nataka kuweka kando kwa kando mapokeo matatu yaliyoitazama kwa makini: ya kwetu Waswahili, ya Wanigeria wa miaka ya 1960, na ya Wamarekani weusi wa majimbo ya Kusini. Nayaweka pamoja kwa sababu yalikutana na meza ile ile karibu katika miaka ile ile, na kila moja likajibu kwa namna yake.

Kwetu nataka nianzie mahali ambapo uchaguzi haupo kabisa. Kusadikika ya Shaaban Robert ilichapwa mwaka 1951, Tanganyika ikiwa bado chini ya Mwingereza. Mwandishi alikuwa mtumishi wa serikali, karani wa forodha kwa miaka mingi. Aliijua meza kutoka upande ule ambao sisi hatuketi. Nchi yake ya kubuni inaelea angani, na kitabu kizima ni kesi moja. Karama anashtakiwa na Waziri Majivuno mbele ya mfalme. Wanafunzi wa sekondari hukumbuka zaidi simulizi za wajumbe sita waliotumwa pande sita, wakarudi na mema, wakatupwa gerezani. Mitihani huuliza hayo. Lakini kosa la Karama ni nini? Ameanzisha elimu ya sheria. Amewafundisha watu. Hakuiba, hakumpiga mtu, hakuinua upanga; alitaka raia wa kawaida wajue sheria inasema nini, na dola nzima ikatetemeka.

Nimekisoma kitabu hiki mara nyingi na kila mara nashangaa jinsi tulivyolipita jambo hilo haraka. Shaaban Robert, katika kitabu cha kurasa chache, aliona kwamba mtawala asiyetaka kuulizwa haogopi malalamiko kama anavyoogopa darasa. Malalamiko hupita kama upepo wa kusi. Darasa hubaki, maana aliyefundishwa naye atafundisha.

Miaka 17 baadaye, meza ikajitokeza waziwazi Kenya. Oginga Odinga alikuwa ameondoka katika chama tawala, KANU, mwaka 1966 na kuunda chama cha KPU. Uchaguzi wa serikali za mitaa ukapangwa Agosti 1968, na KPU ikasimamisha wagombea wapatao 1,800 nchi nzima. Wote walienguliwa. Si nusu wala robo tatu. Sababu iliyotolewa ni kwamba karatasi zao za uteuzi hazikujazwa sawasawa. Wagombea wa KANU wakapita.

Hebu tuitafakari hesabu hiyo taratibu. Watu 1,800, wengine walimu, wengine wafanyabiashara, wengine waliowahi kukaa ofisini na kujaza fomu maisha yao yote, wa pwani na wa bara, hawakutumia kalamu moja wala hawakuketi chumba kimoja, na wote wakakosea. Wa chama cha pili wakapatia wote. Hakuna mwalimu wa hesabu atakayeikubali karatasi ya namna hiyo.

Mombasa alikuwepo kijana wa miaka 22, Abdilatif Abdalla, mzaliwa wa Kuze, mwanachama wa KPU, aliyelelewa katika ukoo wa washairi. Mwishoni mwa mwaka huo aliandika waraka ulioitwa Kenya: Twendapi?, ukasambazwa kwa siri. Ulilaumu jinsi serikali ilivyokuwa ikiubana upinzani, ukauliza nchi ilikokuwa inapelekwa. Akakamatwa, akashtakiwa kwa uchochezi, akahukumiwa miezi 18 mwaka 1969. Upande wa serikali ukakata rufaa, na kifungo kikawa miaka mitatu. Gerezani alinyimwa vitabu na karatasi, akaandika mashairi kwenye karatasi za chooni. Yalitoka mwaka 1973 kwa jina Sauti ya Dhiki, na mwaka uliofuata yakapewa tuzo yenye jina la Jomo Kenyatta, rais yule yule ambaye serikali yake ilimfunga.

Ninachotaka msomaji akione ni mabadiliko ya sauti kati ya waraka na diwani. Waraka ulikuwa wazi, nathari isiyo na kilemba. Ulimfikisha gerezani. Ndani ya kuta, Abdilatif akarudia chombo cha mababu zake: fumbo. Mtawala akawa mamba anayedhani mto ni wake. Mgogoro wa nchi ukawa majibizano ya Alii na Badi juu ya mnazi mmoja. Hili ni pokeo letu la tangu enzi za mshairi Muyaka, la kumsema mwenye nguvu akiwa amekaa barazani na asiweze kusimama na kudai ametukanwa. Nalipenda. Nimelelewa nalo. Lakini fumbo humfariji anayelijua fumbo. Halimwambii mgombea wa 1,801 ajaze nini kwenye mstari wa saba.

Nchini Nigeria, meza ile ile iliandikwa kwa ghadhabu iliyochanganyika na kicheko. Katika riwaya ya Chinua Achebe, A Man of the People, iliyotoka Januari 1966, kijana Odili anaamua kugombea dhidi ya waziri Nanga, mwalimu wake wa zamani. Nanga haji na bunduki kwanza. Anakuja na bahasha: pauni 250 na nafasi ya masomo nje, mradi kijana ajitoe. Odili anakataa. Mwishowe anapigwa kwenye mkutano wa hadhara, analazwa hospitalini chini ya ulinzi wa polisi, na karatasi yake ya uteuzi haimfikii msimamizi. Nanga anapita bila kupingwa. Yule aliyesoma habari za Bonde la Ufa, Kenya, mwaka 1992, wakati wapinzani walipozuiwa njiani wasifikishe karatasi zao na baadhi ya wagombea wa KANU wakaingia bungeni pasipo kura hata moja, atadhani Achebe alikuwa akiripoti kutoka huko.

Achebe hakubuni kutoka hewani. Katika uchaguzi wa Jimbo la Magharibi la Nigeria, Oktoba 1965, wapinzani walikuta wasimamizi wametoweka maofisini baada ya kupokea karatasi za chama tawala. Meza ipo, mwenye meza hayupo. Siku chache baada ya kura, mwandishi Wole Soyinka aliingia kituo cha redio cha Ibadan na kuizuia hotuba ya ushindi ya Akintola, Waziri Mkuu wa jimbo, akashtakiwa, akaachiwa. Jimbo likawaka moto, na tarehe 15 Januari 1966 wanajeshi wakapindua serikali. Riwaya ya Achebe nayo inaishia kwenye mapinduzi, na kwa kuwa ilitoka siku zile zile, wapo waliomshuku mwandishi kwamba alijua.

Pokeo la Nigeria, kwa hiyo, lilikuwa na macho makali kuliko letu. Lilimchora mwizi hadi kofia yake. Lakini mlango lililoonyesha mwishoni ulikuwa wa kambi ya jeshi, na tunajua kilichoingia kupitia mlango huo.

Sasa twende kwenye kisiwa.

Johns Island iko pwani ya South Carolina, jirani na Charleston. Wakazi wake weusi walikuwa wazao wa watumwa wa mashamba ya mpunga na pamba, wenye lugha yao ya Gullah, watu wa bahari na mitego ya samaki. Mtu wa pwani yetu akifika pale hatashangaa sana. Ili mtu aandikishwe kupiga kura, sheria ya jimbo ilimtaka asome kifungu cha katiba mbele ya msajili. Wazee wengi hawakujua kusoma. Esau Jenkins alikuwa na basi lililowabeba wafanyakazi asubuhi kwenda mjini, na akawa akiwafundisha kifungu cha katiba humo njiani. Abiria mmoja, Alice Wine, alikishika kifungu chote kwa kichwa, lakini akamwambia Jenkins kwamba hataki kukariri tu, anataka kusoma.

Jenkins akamtafuta Septima Clark, mwalimu wa Charleston aliyefukuzwa kazi mwaka 1956 kwa kukataa kujitoa katika NAACP, chama cha kutetea haki za weusi. Wakapata nyumba. Mbele wakafungua duka la vyakula, na nyuma, pasipo kuonekana kutoka barabarani, wakaweka darasa. Mzungu aliyepita aliona sukari na sabuni. Tarehe 7 Januari 1957 wanafunzi 14 waliketi humo, na mbele yao alisimama Bernice Robinson, ambaye hakuwa mwalimu. Alikuwa msusi na mshonaji. Clark alimchagua kwa sababu hiyo hasa: hakuwa na kiburi cha darasani, na riziki yake haikutoka kwa mwajiri mweupe ambaye angeweza kumfukuza kesho yake.

Robinson alikuja na vitabu vya watoto wa shule ya msingi, akaona upesi kwamba ni kuwavunjia heshima watu wazima. Akaviweka kando, akawauliza wanataka kujua nini. Mmoja alitaka kuandika jina lake. Wengine walitaka kusoma Biblia, kusoma barua za watoto wao, kujaza fomu ya hawala ya fedha. Basi somo likawa hilo. Wasiojua kuandika waliandikiwa majina yao kwenye kadibodi, wakawa wanafuatisha mistari kwa penseli, tena na tena, hadi mkono ukazoea njia. Katiba ilikuja baadaye, neno kwa neno. Shule za namna hiyo zikaenea visiwani, kisha Kusini kote, hasa baada ya mwaka 1961 zilipochukuliwa na jumuiya aliyoiongoza Martin Luther King.

Kile walichokuwa wanajiandaa kukikabili lazima kionekane kwa karibu. Huko Mississippi, fomu ya maombi ilikuwa na maswali 21. Mwombaji alitakiwa kunakili kifungu cha katiba ya jimbo, kisha aeleze maana yake, na msajili ndiye aliyechagua kifungu kutoka katika vifungu 285, na ndiye aliyeamua kama maelezo yametosha. Mweupe angepewa kifungu cha mstari mmoja. Tarehe 31 Agosti 1962, Fannie Lou Hamer, mkulima wa shamba la pamba, alipanda basi na wenzake 17 kwenda Indianola. Alipewa kifungu chenye istilahi ya Kilatini asiyowahi kuisikia maishani. Akashindwa. Njiani wakirudi polisi walilisimamisha basi, dereva akatozwa faini kwa kuwa rangi yake ilikuwa manjano mno, likafanana na basi la shule. Jioni hiyo hiyo Hamer alifukuzwa kwenye shamba alilolifanyia kazi miaka 18. Mwaka huo huo Mississippi ilipitisha sheria ya kuchapa majina ya waombaji gazetini kwa wiki mbili, ili mwajiri, mwenye nyumba na mwenye duka wayaone.

Msomaji wa Unguja au Pemba hahitaji kutafsiriwa hilo. Anamjua sheha, mtu mmoja wa mtaani ambaye barua yake ndiyo njia ya kupata kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi, na bila kitambulisho hicho jina haliingii daftarini. Malalamiko ya mwaka 2009, hasa Pemba, yalikuwa juu ya hilo: watu waliozaliwa hapo, wazazi wao wamezikwa hapo, wakizungushwa njoo kesho, njoo kesho kutwa. Meza inaweza kuwa kiti cha plastiki nje ya nyumba.

Hamer alikwenda akasoma. Alirudi Indianola Desemba, na Januari 1963 akajibiwa kwamba amefaulu.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaodhani darasa ni kitu cha upole, cha watu wasiotaka ugomvi. Mtu atauliza, na ana haki ya kuuliza: elimu ya kujaza fomu ina faida gani ikiwa mwenye meza ameshaamua? Dada yangu alijua kusoma na kuandika. Wale 1,800 wa KPU walijua. Waliojifunza Mississippi walikataliwa kwa maelfu baada ya kujifunza.

Jibu liko katika kabati la msajili. Sheria ya Haki za Kiraia ya Marekani ya mwaka 1960 iliwaamuru wasajili kutunza karatasi zote za maombi kwa miezi 22, na ikaipa Wizara ya Sheria ruhusa ya kuzikagua. Mawakili wa serikali kuu wakaenda wilaya kwa wilaya wakazipiga picha. Wakaweka fomu ya mweusi na ya mweupe sambamba. Mweupe aliyeandika maelezo yasiyoeleweka, kaandikishwa. Mwalimu mweusi aliyeandika ukurasa mzima, kakataliwa. Louisiana fomu ilimtaka mwombaji aandike umri wake kwa miaka, miezi na siku. Aliyekosea hesabu kwa siku moja alirudishwa, kama msajili alitaka kumrudisha. Ushahidi huo haungekuwepo kama watu wasingejaza. Kila fomu iliyokataliwa ilikuwa shahidi aliyewekwa kabatini na mshtakiwa mwenyewe. Darasa la nyuma ya duka lilizaa watu wa kujaribu, majaribio yakazaa kukataliwa, na kukataliwa kulikoandikwa kukazaa kesi.

Kesi nazo zikazaa kifungu ambacho natamani kila mgombea wa Afrika Mashariki akijue. Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964, katika sehemu yake ya kwanza, inamkataza ofisa kumnyima mtu haki ya kupiga kura kwa sababu ya kosa au pengo kwenye karatasi, ikiwa kosa hilo halihusu kama mtu huyo ana sifa au hana. Siku za umri hazihusu. Herufi i haihusu. Mwaka uliofuata Sheria ya Haki ya Kupiga Kura ikasimamisha mitihani ile ya kusoma katika majimbo ya Kusini. Vita havikuisha hapo: Mahakama ya Juu ya Marekani iliitoboa sheria ya 1965 mwaka 2013, na kule Pennsylvania mawakili wamevutana kwa miaka juu ya bahasha za kura zisizo na tarehe, kama kifungu cha 1964 kinazilinda au la. Tarehe kwenye bahasha! Zaidi ya nusu karne baadaye, mezani pale pale.

Kenya nayo ilifika karibu. Katiba ya mwaka 2010, ibara ya 159, inawaagiza majaji watoe haki bila kufungwa kupita kiasi na ufundi wa taratibu. Ni maneno mazuri, na nchi iliyowaengua watu 1,800 kwa ufundi wa taratibu ilihitaji kuyaandika. Lakini yanasemwa kwa jaji, baada ya madhara, kwa mwenye nauli na ada ya wakili. Kifungu cha Marekani kinasemwa kwa karani, kabla hajapiga muhuri. Kifungu cha namna hiyo, kingekuwa kwetu na kwa wagombea pia, ndicho kingemwokoa dada yangu, ambaye hakuwa na siku za kwenda mahakamani wala pesa za kufika huko.

Na darasa je? Sisi hatukuwahi kuwa nalo? Tulikuwa nalo. Mwaka 1970 Tanzania iliendesha kampeni ya elimu kwa redio iliyoitwa Uchaguzi ni Wako. Watu walikusanyika vikundi vikundi kuzunguka redio, na kiongozi wa kikundi na kijitabu, wakajadili bunge ni nini na mbunge huchaguliwaje. Mbinu hiyo hiyo ilitumika mwaka 1973 katika Mtu ni Afya, iliyofikia watu wapatao milioni mbili, wakachimba vyoo na kufyeka vichaka. Wanaoikumbuka bado wanaisimulia kwa furaha. Nchi maskini iliweza kufundisha mamilioni, kwa Kiswahili, bila kumdhalilisha mtu.

Lakini Uchaguzi ni Wako ilifundisha uchaguzi wa chama kimoja. Kwa kawaida jimbo lilikuwa na wagombea wawili, wote wa TANU, mmoja na alama ya jembe, mwingine na alama ya nyumba. Ushindani ulikuwepo, tena wa kweli: mwaka 1965 hata waziri wa fedha, Paul Bomani, alibwagwa na wapiga kura wake. Ila nani atakuwa jembe na nani nyumba liliamuliwa na vikao vya chama, na neno la mwisho lilikuwa la Halmashauri Kuu ya Taifa. Darasa lilimfundisha mwananchi kila kitu kuanzia kwenye sanduku. Meza halikuigusa. Johns Island walifanya kinyume: walianzia mezani, kwa sababu sanduku hawakuruhusiwa hata kulikaribia.

Nadhani hapo ndipo tulipopoteza uzi wa Karama. Tuliporudi kwenye vyama vingi mwaka 1992, tulirudi na fumbo la Abdilatif na kumbukumbu ya redio, lakini bila somo la mezani. Mwaka 2019, kwenye uchaguzi wa serikali za mitaa, wagombea wa upinzani walienguliwa kwa wingi: fomu zimejazwa vibaya, hawakudhaminiwa ipasavyo, hawana sifa, au ofisi imefungwa. Serikali ikatangaza baadaye kwamba waliorudisha fomu waruhusiwe kuendelea; vyama vikuu vya upinzani vilikuwa vimeshajitoa. CCM ikachukua zaidi ya asilimia 99 ya viti. Zile fomu ziko wapi leo? Nani alizipiga picha? Nani aliziweka sambamba, ya aliyepita na ya aliyeenguliwa, mstari kwa mstari?

Mwaka 2025 meza ikawa kubwa zaidi. Aprili 12 Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi ilitangaza kwamba CHADEMA, iliyokuwa ikidai mageuzi kabla ya kura, haitashiriki kwa kuwa haikusaini kanuni za maadili siku iliyopangwa. Chama kizima, kwa sahihi moja. Mwenyekiti wake, Tundu Lissu, alikuwa mahabusu kwa shtaka la uhaini. Mgombea urais wa ACT-Wazalendo, Luhaga Mpina, naye akaenguliwa. Oktoba 29 watu waliingia barabarani, intaneti ikazimwa, damu ikamwagika, na matokeo yakatangazwa kuwa asilimia 97.66 kwa rais aliyekuwa madarakani. Kuna waliouliza hasira ile ilitoka wapi ghafla. Haikuwa ya ghafla. Ilikuwa imekunjwa mara nne katika mifuko ya nailoni nyumba kwa nyumba, miaka na miaka.

Siwezi kudai kwamba darasa lingezuia hayo. Mwaka huo hata mwenye fomu safi asingepita. Ninachodai ni kwamba hofu isiyo na karatasi hubaki uvumi, na serikali yoyote huweza kuukana uvumi.

Jumamosi moja hivi karibuni nilimkuta dada barazani kwake. Amerudufisha ile fomu yake ya zamani, nakala kama kumi, na majirani wameketi kwenye mkeka, kila mmoja ameweka mbele yake cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha taifa na kadi ya mpiga kura. Kazi ya kwanza ilikuwa kutafuta tofauti. Mwanamke mmoja aligundua ni Fatma kwenye karatasi moja na Fatuma kwenye nyingine. Mwingine alikuwa amezaliwa miezi miwili tofauti. Hawakucheka. Waliandika kila tofauti kwenye daftari la mraba, tarehe pembeni, kisha kijana mmoja akazipiga picha kwa simu. Fomu zilijazwa kwa penseli ili ziweze kufutwa.

Mzee mmoja, mvuvi mstaafu, aliuliza kama sahihi yake ya herufi za Kiarabu itakubalika. Ndiyo aliyoizoea tangu chuoni, nyingine hana.

“Iweke hivyo hivyo, baba,” dada akamwambia. “Ila kila karatasi iwe moja.”

Mzee akaiandika. Akaitazama, akaona mkia wa herufi ya mwisho umekwenda juu kuliko wa kwenye kitambulisho. Akaiandika tena chini yake, halafu tena, hadi ukurasa ukajaa, akaomba nakala nyingine.